Kidagaa wa Tabora

Sogeza kiti, ongeza sauti kidogo, maana leo nakuletea kisa changu mwenyewe, nacho kilianzia hapa hapa Dunda, Bagamoyo, kwenye soko la samaki, hatua chache kutoka lile jengo la forodha walilotuachia Wajerumani.

Ilikuwa asubuhi, mashua zimeshaingia, mnada umechangamka. Nilitaka kolekole mmoja wa nyumbani. Sasa mtu wa pwani hanunui samaki kwa maneno ya muuzaji, anafunua matamvua. Yakiwa mekundu unatoa pesa, yakiwa yamepauka unaaga kwa heshima. Nikainama nifunue matamvua, simu ikachomoka mfukoni mwa shati ikatumbukia kwenye beseni la muuzaji wa jirani, beseni la ngisi. Aliyewahi kusafisha ngisi anajua kilichofuata. Tulipoiopoa ilikuwa nyeusi tii, inachuruzika wino. Kijana mwenye beseni akanitazama mimi, akaitazama simu, akasema, "Shikamoo baba. Hiyo nikufungie pamoja na ngisi?"

Fundi aliizika kwenye mchele siku mbili, ya tatu akanirudishia akisema imekula chumvi. Nikanunua nyingine. Laini yangu niliipata upya siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwa wakala, nikatoa namba ya NIDA, nikaweka kidole kwenye kile kidude chao, binti aliyekuwa pale akaniambia, "Subiri kidogo baba, mtandao unasumbua." Nikasubiri, mtandao ukatulia, nikaondoka na laini yangu. Mkumbuke huyo binti.

Kilichobaki ni sanduku langu la barua pepe. Kampuni yenye sanduku hilo siitaji jina. Iko ng'ambo, huduma yake ni ya bure, na wengi mnaonisikia mna sanduku kama langu kwake au kwa mwenzake. Nililifungua mwaka 2011. Humo ndani hamna siri za serikali. Kuna risiti, barua za kazi, picha za harusi za watu, na kitu kimoja kilichonikosesha usingizi: picha ya hati ya mauziano ya shamba letu la minazi, nje kidogo ya mji. Karatasi yenyewe mchwa walishaila. Mashahidi wawili kati ya watatu wametangulia mbele ya haki. Mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimeipiga picha hati ile kabla mchwa hawajaiona, nikajitumia mwenyewe kwa barua pepe, nikalala kama mtu aliyeweka mali benki.

Basi nikaingiza neno langu la siri. Mashine ikanijibu kwamba neno ni sahihi. Nikashusha pumzi. Halafu ikaongeza: lakini hatuna uhakika kwamba huyu ni wewe.

Hebu fikiria. Unarudi kwako usiku, unatia ufunguo, kitasa kinafyatuka, halafu mlango unakwambia: ufunguo ndio wenyewe, ila wewe sikujui.

Ikasema itatuma tarakimu sita kwenye namba ya simu inayoishia na 47. Namba hiyo ilikuwa yangu kweli. Niliiacha nilipohamia mtandao mwingine, laini ikakaa kimya kwenye droo hadi kampuni ya simu ikaifunga na kumpa mtu mwingine, kama ilivyo kawaida yao. Nikabonyeza "njia nyingine". Ikaniambia nitumie kifaa nilichowahi kukitumia zamani. Kifaa hicho ndicho kilichokufa kwa wino. Njia nyingine. Ikaniuliza nilifungua akaunti mwezi gani wa mwaka gani. Mwaka ninao, mwezi nani anaukumbuka? Nikabahatisha Juni. Ikasema nijaribu tena baada ya saa 48. Baada ya saa 48 nikabahatisha Julai. Saa 48 nyingine.

Nikaingia kwenye kurasa za msaada. Maelezo marefu, yamepangwa vizuri, na hakuna hata mstari mmoja unaomhusu mtu wa ngisi. Chini kabisa kuna swali: je, maelezo haya yamekusaidia? Nikabonyeza Hapana. Ikanijibu: asante kwa maoni yako. Nahisi hata ningebonyeza Ndiyo shukrani ingekuwa ile ile.

Mwisho nikaona kiboksi cha mazungumzo. Roboti wa kujibu wateja, wale wa akili unde. Wengine mnaita akili mnemba, sina ugomvi na yeyote. Nikamwandikia Kiswahili changu chote: simu imetumbukia kwenye beseni la ngisi, namba ya zamani si yangu tena, naomba kuzungumza na mtu. Akajibu kwa adabu kubwa: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza, tafadhali chagua mada. Mada zilikuwa nne, na ya kwanza ilikuwa jinsi ya kubadilisha picha yangu. Nikaandika neno moja, MTU, kwa herufi kubwa. Akasema: samahani, sijakuelewa.

Wahenga walisema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Ila ukuta wa wahenga angalau ulinyamaza. Huu wa kwangu ulikuwa unaomba radhi.

Nikiwa katika hali hiyo nikamkumbuka baba. Baba alikuwa na sanduku la posta hapa Bagamoyo. Mji wetu haukuanza jana kwa habari za barua: Wajerumani walifungua posta yao hapa mwaka 1890, na mwaka huo huo waya wa simu ya maandishi ukalazwa chini ya bahari kutoka Unguja kuja Bagamoyo na kuendelea hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo hizi nyaya za intaneti, SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010, zilipofika Dar es Salaam, sisi tulikuwa tumeshapokea maneno yaliyopita chini ya maji kwa zaidi ya miaka mia. Na mwisho wa waya siku zote alikuwapo mtu amekaa.

Katika miaka ya 1980, enzi za Posta na Simu, baba alipoteza ufunguo wa sanduku. Nilikuwa naye. Alikwenda dirishani, karani akamtazama juu ya miwani akasema, "Mzee, umepoteza tena?" Akamuuliza anangoja barua ya nani. Baba akasema ya mdogo wake wa Tanga. Karani akaingia ndani, akarudi na bahasha, akalisoma jina nyuma na mbele, akamkabidhi. Kitasa kipya baba alikilipia, akapewa risiti, na mpaka kilipobadilishwa barua zake alikuwa anazichukua dirishani mkononi mwa yule karani. Sikuona ajabu yoyote siku ile. Nilikuwa nawaza mishikaki niliyoahidiwa.

Rafiki yangu mmoja, tunakunywa naye kahawa jioni, nilipomsimulia haya alinikatisha. "Sanduku la baba yako lilikuwa la kulipia. Hilo lako umelipa shilingi ngapi? Cha bure hakina malalamiko." Baraza zima likacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha, nikaanza kupiga hesabu.

Nitachukua kampuni ambayo hesabu zake ziko hadharani. Siyo niliyogombana nayo, tuelewane. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, mwaka 2023 waliingiza zaidi ya dola bilioni 130, karibu zote ni za matangazo. Mwisho wa mwaka huo walikuwa na wafanyakazi kama 67,000, na watu zaidi ya bilioni 3 walikuwa wanatumia Facebook peke yake. Gawanya mwenyewe. Kila mfanyakazi mmoja, ukimhesabu na mkurugenzi mkuu, ameelemewa na watumiaji zaidi ya 40,000. Ukimweka mtu wa kupokea simu ya kila aliyesahau neno la siri, kampuni inageuka kuwa kampuni ya kupokea simu. Hapo nawaelewa.

Lakini kuna jambo jingine katika hesabu hizo. Kwa miaka mingi walikuwa wakitoa taarifa zao kwa kuigawa dunia katika mafungu manne: Marekani na Canada, Ulaya, Asia na Pasifiki, halafu fungu la nne walilotutia sisi, Afrika nzima na wengine waliobaki. Fungu hilo wanaliita Kwingineko Duniani. Robo ya mwisho ya 2023, mtumiaji mmoja wa Facebook wa Marekani na Canada aliwaingizia zaidi ya dola 60. Wa Kwingineko hazikufika hata 10.

Watu wa Dunda nadhani mmeshanielewa. Nguru anauzwa mmoja mmoja, anapimwa, anabembelezwa, akifika Dar es Salaam anajulikana kwa jina. Dagaa wanauzwa kwa fungu. Umeona wapi mnunuzi wa dagaa akamwuliza dagaa mmoja mmoja ana tatizo gani?

Kwa hiyo hayo ya bure, rafiki yangu wa kahawa, si ya bure. Anayelipa ni mwenye tangazo, na kinacholipiwa ni macho yangu. Mteja ni yule, mimi ni mzigo uliomo kwenye tenga. Na wenyewe wameshaonyesha kwamba mtu wa kuzungumza naye anaweza kupatikana ukimlipia: mwaka 2023 hao Meta walianzisha huduma ya kulipa kila mwezi, unapewa alama ya tiki, na pamoja na tiki unapewa msaada wa binadamu. Binadamu amewekwa kabatini, bei imebandikwa.

Wala watu si kwamba hawajawahi kuwapo karibu yetu. Walikuwapo Nairobi. Mwaka 2022 jarida la Time la Marekani lilieleza habari za vijana walioajiriwa pale na kampuni iitwayo Sama, kazi yao kukaa mchana na usiku wakitazama yale mabaya yanayopakiwa kwenye Facebook, mauaji na mateso, ili sisi tusiyaone. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alikwenda mahakamani mwaka huo. Wenzake zaidi ya 180 wakafungua shauri lao mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta wanaweza kushtakiwa Kenya, hoja ya kwamba wao si kampuni ya huko haikuwasaidia. Mimi habari hiyo ilinigusa kwa namna yake. Vijana wale wanazungumza Kiswahili, Kisomali, Kiamhari. Walikuwa mwendo wa siku moja kwa basi. Walilipwa watazame video za watu wasiowajua, na hakuna aliyelipwa kuinua simu aseme, "Karibu, nikusaidie nini?"

Sasa nirudi kwenye tarakimu sita.

Siku ya tisa, nimekaa barazani, wazo likanijia la kijinga kabisa. Namba inayoishia na 47 ina mwenyewe sasa. Kwa nini nisimpigie? Nikaipiga namba yangu mwenyewe ya zamani. Ikaita. Sauti ya mwanamume ikaitika. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamweleza: ndugu yangu, utaletewa meseji yenye tarakimu sita, ni yangu, naomba unisomee.

"Kaka," akasema taratibu, "mimi nimeambiwa namba za siri nisimpe mtu. Hata awe mama yangu." Akakata.

Na alikuwa sahihi! Katika nchi hii, tulivyosumbuliwa na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu akikupigia bila kumjua akataka tarakimu sita, dawa yake ni hiyo hiyo: kata, na kama ni meseji ya kitapeli ipeleke 15040, namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Nilimheshimu mtu yule palepale, simu iliyokatwa ikiwa bado sikioni mwangu.

Jioni nikampigia tena. Safari hii sikutaja tarakimu. Nikamwuliza yuko wapi. Akasema Tabora. Mnyamwezi? Mnyamwezi. Nikamwambia mimi ni mtu wa Bagamoyo, na upande wa mama ni Mzaramo. Kimya kidogo, kisha kicheko kikubwa kikatoka upande wa pili. Anayejua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo hana haja ya maelezo. Ni deni la tangu enzi za misafara, wapagazi wao walipokuwa wanatua mizigo hapa kwetu. "Enhe!" akasema. "Babu zetu waliwabebea pembe mpaka hapo kwenu kwa miguu, miezi mitatu. Leo mnataka tuwabebee na namba za siri?" Nikamwambia ndiyo mtani, tena ujira ni ule ule, hakuna.

Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Haya. Mimi laini hii nilipoinunua nilisumbuliwa na simu za watu wako mwaka mzima. Kuna mama mmoja alikuwa ananipigia kila Ijumaa baada ya swala. Hasalimii. Anauliza tu, umekula? Nikimwambia mama umekosea namba, ananiambia acha mzaha. Huyo ni nani?"

Msikilizaji, nililazimika kuishusha simu kidogo.

Nikamwambia: huyo ni shangazi yangu, wa Kaole.

"Alikuwa ananiita nani?"

Jina hilo halimo kwenye cheti cha kuzaliwa, halimo NIDA, halimo kwenye akaunti yoyote duniani. Nikiwa mdogo nilikuwa mwembamba mno. Nikamwambia: alikuwa anakuita Kidagaa.

"Basi ni wewe," akasema. "Mimi nimekuwa Kidagaa mwaka mzima, bwana. Tuma hizo namba."

Angalia sasa hilo swali la yule bwana. Mashine ilikuwa inaniuliza vitu ilivyovihifadhi yenyewe: mwezi, kifaa, namba. Mtu wa Tabora aliniuliza kitu alichokisikia. Hakuna aliyemfundisha, hakuna mahali kilipoandikwa, na mwizi hata awe na simu yangu na neno langu la siri na kitambulisho changu cha taifa asingeweza kukijibu. Ni swali lile lile la karani wa posta na barua ya Tanga.

Nikabonyeza. Meseji ikaingia Tabora. Akanisomea tarakimu sita, moja moja, kama mtu anayehesabu noti. Nikaziandika.

Mashine ikajibu: asante, namba uliyoingiza ni sahihi. Hata hivyo, hatujaweza kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako.

Yule bwana akaniuliza, "Imekubali?" Nikamwambia imesema asante.

Nimekuwa nikizungusha jambo hili kichwani tangu siku hiyo, na sitaki kuionea mashine. Ukuta ule haukujengwa kwa ajili yangu, ulijengwa kwa ajili ya wezi, na wezi wapo wengi. Binadamu wa dirishani naye ana udhaifu wake: hudanganyika. Kuna watu laini zao zilihamishiwa mikononi mwa matapeli kwa sababu mhudumu mmoja alibembelezwa kwa maneno matamu, au kwa noti. Ukimwondoa mtu, umeondoa na rushwa yake. Sawa. Lakini umeondoa pia sikio lake, na hapo ndipo mimi na kampuni ile tunapoachana njia. Mwizi akifungiwa nje anahamia kwa mwingine. Mwenye mali akifungiwa nje hana pa kuhamia. Vitu vyake vimo mle.

Tena mimi sidai cha bure. Hili ndilo ninalotaka rafiki yangu wa kahawa alisikie akiwa popote. Baba alilipia kitasa. Binti wa laini alikuwa na ada yake, nikailipa bila kinyongo. Kampuni ile ingeniambia lete 10,000, lete 20,000, tutakupa dakika kumi na mtu, ningetuma kabla haijamaliza sentensi. Haikuniambia. Hakuna dirisha la kusimama, si la kuomba, wala la kulipia.

Ulaya wameliona hili. Sheria yao ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 17, 2024, inazitaka kampuni hizi ziwe na mahali pa mtumiaji kuwasiliana nazo ambapo hajibiwi na mashine tu, na malalamiko kuhusu maudhui au akaunti zilizofungiwa yasiamuliwe na mashine peke yake. Kampuni ni zile zile. Kumbe likitakiwa linawezekana.

Na sisi hatuko mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Ndani ya sheria hiyo mtu amepewa haki ya kutaka uamuzi unaomgusa kwa uzito usitokane na mashine peke yake. Sijui uamuzi wa kumnyima mtu sanduku la barua alilolitumia zaidi ya miaka kumi una uzito kiasi gani kwa wanasheria. Kwangu mimi una uzito wa shamba la minazi. Tena tangu Julai 2022 serikali inatoza kampuni za nje zinazofanya biashara ya kidijitali hapa kodi ya asilimia 2 ya mapato yao ya hapa. Nzuri, zilipe. Lakini ikiwa kodi imeweza kuvuka bahari ikaja hadi Dar es Salaam, kwa nini mhudumu ashindwe? Wakubwa wa Tume na wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kuna redio hapo ofisini: mnapokaa mezani na hao jamaa, pamoja na kodi waombeni dirisha moja. Moja tu, lenye mtu anayesikia Kiswahili. Hata foleni yake ikianzia Kariakoo tutapanga.

Shamba, mtauliza, limeishia wapi. Nilikwenda ofisi moja ya mtaa ambako mauziano yale yalipigwa muhuri. Siku ya kwanza nikaambiwa njoo kesho. Nikaenda kesho, nikaambiwa mwenye ufunguo wa kabati yuko msibani. Nimeishi nchi hii miaka mingi nikiilaani hiyo "njoo kesho", na bado siipendi. Ila siku ile nilipokuwa narudi nyumbani nilijikuta nina matumaini, maana aliyeniambia alikuwa ananitazama usoni, na kesho yake ilikuwa na tarehe. Siku ya tatu kabati likafunguliwa. Jalada likapatikana chini ya majalada mengine, vumbi la kutosha kupanda mchicha, na ndani yake nakala ya pili ya hati yetu, muhuri wake umepauka lakini unasomeka. Mtendaji alinitolea kivuli, akakipiga muhuri mpya. Sasa nakala tatu zipo kwa watu watatu tofauti, mmoja wao nyumba yake haina mchwa kwa sababu ni ya bati tupu.

Wewe unayenisikiliza, usisubiri beseni la ngisi. Kabla hujalala leo fungua mipangilio ya barua pepe yako na ya hizo akaunti nyingine, tazama ni namba gani ya simu imeandikwa humo. Kama ni ya laini uliyoitupa, ibadilishe leo hii wakati mlango bado unakujua. Vya maana vitoe humo, uvichape, umpe na mtu unayemwamini. Dakika kumi, na bando lake si kubwa.

Sanduku langu halijafunguka hadi leo. Bado naenda kila baada ya saa 48, sasa nimezunguka hadi Mei, mwezi wa mwisho wa kubahatisha. Mtani wangu wa Tabora tunapigiana simu. Na shangazi wa Kaole namba yangu mpya nimempa mara tatu, nimemwandikia hata kwenye ukuta karibu na kitanda chake. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, kapiga Tabora. Mtani akamjibu kwamba amekula.